Kunasa picha za anga kwa programu za kisasa: mwongozo kwa anayeanza

Swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Kwenye skrini nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ilionekana safi, hata rangi zake. Nimefungua faili asubuhi, jeusi tii. Kamera imekufa?" La pili huja mgongoni mwake: "Nimewasha kila kitu kipya kwenye programu, mbona picha ni mbaya kuliko zamani?"

Kamera haijafa. Programu za kunasa picha za anga, kama SharpCap, N.I.N.A., FireCapture na Ekos, zimeongezewa mengi miaka ya karibuni: kurundika picha papo hapo (kuunganisha nyingi ziwe moja), kupunguza chembechembe (punje zinazochafua picha), kutambua sehemu ya anga kwa kuisoma picha, kutafuta fokasi zenyewe. Kuna vipengele vinavyobadilisha unachokiona kwenye skrini tu, na kuna vinavyobadilisha kinachoandikwa kwenye diski. Ukijua kila kitufe kiko upande gani, maswali mengi yanakwisha. Ndiyo maana katika hatua zifuatazo nitakuwa nasema: hiki ni cha skrini, hiki ni cha diski.

Mwongozo huu unaishia pale faili zuri linapokuwa kwenye diski yako. Kulisafisha na kulipamba ni kazi ya siku nyingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Darubini au lenzi, na kamera ya anga inayounganishwa na kompyuta kwa USB. Kama kamera ni ya USB 3.0, tumia kebo ya USB 3.0 na tundu lake; kebo ya zamani itaipunguza kasi kimyakimya.
- Stendi inayofuata nyota. Anga huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo stendi isiyo na mota itakufaa kwa Mwezi tu na picha za muda mfupi sana.
- Kompyuta yenye diski ya SSD na nafasi ya kutosha. Kwa sayari, nafasi ya kutosha ni makumi ya gigabaiti kwa usiku mmoja.
- Programu moja. Narudia, moja. SharpCap na N.I.N.A. ni za Windows. FireCapture na KStars yenye Ekos hupatikana pia kwa Mac na Linux. N.I.N.A., FireCapture na KStars ni za bure. SharpCap ina sehemu ya bure, na baadhi ya vipengele vyake huhitaji leseni ya kulipia. Kwa nebula na galaksi, anza na SharpCap au N.I.N.A. Kwa sayari, SharpCap au FireCapture.
- Namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi: urefu wa fokasi wa darubini kwa milimita, na ukubwa wa pikseli wa kamera kwa mikromita. Utaulizwa namba hizi tena na tena.

Onyo moja kabla hatujasonga: usielekeze darubini kwenye Jua bila kichujio maalumu cha jua kilichofungwa mbele ya darubini. Hakuna kipengele cha programu kitakachookoa sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, sembuse jicho.

Hatua ya 1: Andaa kompyuta mchana

Sakinisha draiva ya kamera kutoka kwa mtengenezaji, kisha programu. Zima hali ya kompyuta kulala na ile ya kukata umeme wa USB kuokoa betri. Hii ya pili ndiyo inayozima kamera katikati ya kazi bila kutoa sababu. Sawazisha saa ya kompyuta kwa intaneti na uweke mahali ulipo kwa usahihi. Programu inakokotoa nyota ziko wapi kwa kutumia saa hiyo, na saa ikipotea, stendi nayo itapotea.

Ukifungua orodha ya kamera unaweza kuona yako imetajwa mara mbili: kwa draiva yake yenyewe, na kwa draiva ya ASCOM, ile ya pamoja inayotumiwa na vifaa vingi vya anga. Kwa video za sayari chagua draiva yake yenyewe, ina kasi zaidi. Kwa picha za muda mrefu, yoyote kati ya hizo itakutosha.

Hatua ya 2: Chagua aina ya faili

Hiki ni cha diski, na ndipo wengi wanapoharibu usiku mzima kabla haujaanza.

Kwa nebula, galaksi na vishada vya nyota: chagua RAW16, yaani data ghafi ya biti 16, na faili la FITS, aina ya faili ya picha za anga. Biti 8 hukupa ngazi 256 tu za mwanga. Sensa ya biti 12 inaweza kutoa 4096, na ya biti 14 inatoa 16384. Nebula hafifu huishi katika tofauti ndogo kati ya ngazi hizo. Ukinasa kwa biti 8 umeitupa kabla hujaiona.

Kwa sayari: RAW8 (data ghafi ya biti 8) na faili la SER, aina ya faili ya video. Hapa biti 8 si ubahili, kwa sababu utarundika maelfu ya fremu (picha moja moja), nazo zinaijaza tofauti iliyokosekana. SER pia inaweza kuhifadhi muda wa kila fremu, jambo linalosaidia baadaye.

Kamera ya rangi ikionyesha picha ya kijivu yenye vijisanduku kama kitambaa cha mraba, usishtuke. Hizo ni data ghafi kabla ya rangi kutengenezwa. Washa rangi kwa ajili ya skrini, acha data ghafi iende kwenye diski.

Hatua ya 3: Pata fokasi

Elekeza kwenye nyota angavu, weka muda wa sekunde moja au mbili, ongeza geini (ukuzaji wa mwanga ulionaswa), kisha zungusha fokasi polepole. Kama huna mota ya fokasi, tumia barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mianya kinachowekwa mbele ya darubini: mistari mitatu hutokea kwenye nyota, na fokasi imekaa pale mstari wa kati unapopita katikati kabisa ya ile miwili. SharpCap inaweza kuipima mistari hiyo na kukuonyesha umebakiza kiasi gani, ambayo ni afadhali sana kuliko jicho lililochoka.

Kama unayo mota, kipengele cha kufokasi chenyewe hupiga picha katika nafasi kadhaa, hupima ukubwa wa nyota katika kila moja, na kuchora mkunjo unaofanana na herufi V. Chini ya mkunjo ndiyo fokasi. Kosa la kawaida ni kukianzisha ukiwa mbali mno na fokasi, nyota zikiwa pete kubwa. Programu haioni nyota, nayo hukata tamaa. Ifikishe karibu kwa mkono kwanza. Rudia fokasi jotoridi likishuka, maana darubini husinyaa na fokasi huhama.

Hatua ya 4: Lenga ncha ya anga

Stendi ya ikweta inafuata nyota vizuri pale tu mhimili wake unapoelekea ncha ya anga, yaani nukta ambayo anga huonekana kuizunguka. Zamani ilikuwa kazi ya kuinama na kuchungulia. Sasa, katika SharpCap, unapiga picha moja karibu na ncha, unazungusha stendi takriban digrii 90, unapiga nyingine, na programu inakuonyesha mshale: geuza skrubu hadi mshale uishe.

Ila kipengele hicho kinahitaji kuona eneo la ncha. Ukiwa karibu na Ikweta, ncha ya anga iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na ukungu. Hapo tumia kipengele cha nyongeza cha N.I.N.A. kiitwacho Three Point Polar Alignment: kinapiga picha tatu sehemu yoyote ya anga iliyo wazi na kukokotoa kosa kutokana nazo. Stendi ya mlalo na wima haihitaji hatua hii kabisa, ruka.

Hatua ya 5: Acha programu ijue iko wapi

Kipengele hiki, kwenye menyu huitwa Plate Solve, ndicho ningekuwa wa kwanza kumfundisha mtu yeyote. Programu inasoma mpangilio wa nyota kwenye picha yako, inaulinganisha na orodha ya nyota, na kukuambia darubini inatazama wapi hasa. Kisha inarekebisha stendi hadi kitu ulichotaka kikae katikati. Kutafuta galaksi kwa kubahatisha kumekwisha.

Zile namba mbili za kwenye karatasi ni za hapa. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa 206, gawanya kwa urefu wa fokasi, utapata sekunde za tao (kipimo kidogo cha pembe angani) kwa kila pikseli. Pikseli ya mikromita 3.76 kwenye darubini ya milimita 500 inatoa takriban 1.55. Ukiandika urefu wa fokasi wa darubini yako na kusahau kwamba umefunga lenzi ya kuupunguza, programu itatafuta nyota kwa kipimo kisicho chake na kukujibu kwamba imeshindwa.

Ukitumia programu ya ASTAP kufanya kazi hii, orodha yake ya nyota hupakuliwa peke yake. Kuna watu wanaosakinisha ASTAP bila orodha, kisha wanalalamika haioni kitu.

Hatua ya 6: Weka geini na muda kwa kuangalia histogramu

Hapa tulia. Histogramu, grafu inayoonyesha pikseli ngapi ziko katika kila ngazi ya mwanga, ndiyo shahidi pekee asiyedanganywa na mwangaza wa skrini, mradi unaisoma ile ya data na si ile ya picha iliyokwisha kung'arishwa.

Karibu kila programu ina kitufe cha kung'arisha picha papo hapo. Katika SharpCap kina alama ya radi. Ukikibonyeza, nebula inachomoza gizani. Kitufe hiki ni cha skrini. Data kwenye faili inabaki ileile, nyeusi, na ndivyo inavyotakiwa. Hilo ndilo jibu la swali la juu kabisa: faili jeusi si faili bovu, ni faili ambalo bado halijang'arishwa. Lifungue kwa programu ya picha za anga, ling'arishe, na kila kitu kimo.

Sasa weka mipangilio hivi:

a) Chagua geini. Mtengenezaji wa kamera hutoa grafu ya chembechembe dhidi ya geini. Sensa nyingi za kisasa zina sehemu ambapo chembechembe hushuka ghafla. Chagua hapo, kisha usiiguse tena. Kupandisha geini hakuongezi mwanga unaoingia. Kunaukuza tu uliopo, na huku kunapunguza nafasi ya nyota angavu kabla hazijajaa.

b) Rekebisha kiwango cha weusi, menyu huita Offset au Black Level. Ukifunika darubini, kilima cha histogramu kisiuguse ukuta wa kushoto. Kikiugusa, data ya giza imekatwa na hairudi.

c) Fungua darubini, ongeza muda hadi kilima cha anga kiachane kabisa na ukuta wa kushoto. Kuachana kunatosha, hakuna haja ya kukisukuma hadi katikati. Ukikisukuma mbali, nyota zinajaa na kuwa madoa meupe yasiyo na rangi.

SharpCap ina msaidizi wa jambo hili, mwenye alama ya ubongo karibu na histogramu. Anapima mwangaza wa anga lako na kupendekeza muda na geini. Lakini anahitaji kwanza kipimo cha sensa yako, kazi unayoifanya mara moja kwa kufuata maelekezo ya programu. Na umpimie anga tupu, Mwezi ukiwa haupo. Ukimpimia katikati ya nebula angavu, atadhani anga lako limejaa taa na kukupa muda mfupi mno.

Hatua ya 7: Fremu za giza na fremu za usawa

Fremu za giza (za kuondoa kasoro za sensa): funika darubini, piga kwa muda uleule, geini ileile, kiwango kilekile cha weusi na jotoridi lilelile. Kimoja kikitofautiana, zinaharibu badala ya kusaidia. Fremu za usawa (za kuondoa vivuli vya vumbi): piga sehemu yenye mwanga sawasawa, kama anga la machweo, histogramu ikiwa karibu nusu. Usiizungushe kamera wala kuigusa fokasi kati ya picha na fremu hizi, la sivyo vivuli vya vumbi havitalingana. N.I.N.A. ina kipengele kinachotafuta muda wa fremu za usawa chenyewe.

Programu za sasa zinaweza kuziondoa fremu hizi papo hapo wakati wa kunasa. Angalia hapa: kama umechagua zitumike kwenye kila fremu inayohifadhiwa, hicho ni cha diski, na fremu mbaya ya giza itaharibu kila faili la usiku huo. Mimi hupendelea zitumike kwenye rundo la papo hapo, na fremu ghafi zihifadhiwe kama zilivyo.

Hatua ya 8: Rundika papo hapo

Bonyeza Live Stack. Kila fremu mpya inalinganishwa na ya kwanza kwa nyota zake, inasogezwa na kuzungushwa ikae sawa, kisha inaongezwa kwenye rundo. Chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu mara nne hupunguza chembechembe kwa nusu. Ndiyo maana dakika za mwanzo zinafurahisha na saa ya tatu inachosha. Kila nusu inayofuata inadai mara nne ya kazi.

Vitu vinne vya kuwasha, kimoja baada ya kingine:

Kwanza, hifadhi ya fremu moja moja. Hakika hiki ndicho muhimu kuliko vyote. Rundo likiharibika saa mbili baadaye, fremu ghafi zinabaki na utazirundika upya. Bila hizo, usiku umekwenda.

Pili, kichujio cha ukubwa wa nyota. Kinakataa fremu ambazo upepo umezitikisa au ukungu umezifunika. Usikikaze mno siku ya kwanza. Acha kipokee fremu kumi hivi, tazama wastani, kisha weka mpaka juu kidogo ya wastani huo. Ukiuweka chini ya wastani, utatupa nusu ya usiku wako.

Tatu, kurundika kwa kutupa thamani zilizopitiliza. Setilaiti zinazokatiza picha zitafutika, mradi fremu ziwe nyingi.

Nne, kusogeza darubini kidogo baina ya fremu, menyu huita Dither. Pikseli mbovu haziendi na nyota, zinakaa palepale kwenye sensa. Usipoisogeza darubini, zitachora michirizi ya rangi kwenye rundo zima. Kipengele hiki hufanya kazi na PHD2, programu ya bure ya kuongoza stendi.

Vipi kuhusu kupunguza chembechembe na kunoa kwa papo hapo? Katika dirisha la kurundika, ni vya skrini kwa sehemu kubwa, vizuri kwa kuwaonyesha waliokuzunguka. Vinakuwa vya diski pale tu unapochagua kuhifadhi picha kama inavyoonekana.

Hatua ya 9: Hifadhi mara mbili

SharpCap hukuuliza uhifadhi rundo vipi. Hifadhi la kwanza kama data kamili ya biti 32 au 16, bila marekebisho. La pili hifadhi kama linavyoonekana, kwa ajili ya kutuma kwa rafiki. Ukihifadhi la pili pekee, umeuza shamba ukabaki na picha ya shamba.

Ukinasa sayari

Hapa mambo hugeuka. Badala ya fremu ndefu chache, unataka fremu fupi nyingi, ili uchague zile chache zilizopigwa hewa ilipotulia.

1. Punguza eneo la sensa hadi liitoshe sayari, mfano pikseli 640 kwa 480. Fremu hiyo ya biti 8 ni takriban megabaiti 0.3. Kwa fremu 200 kwa sekunde, hiyo ni kama megabaiti 61 kila sekunde, mzigo ambao SSD hubeba bila taabu.
2. Weka muda wa milisekunde chache, kisha pandisha geini hadi histogramu ifike kati ya asilimia 50 na 75. Fremu 200 kwa sekunde haziwezekani kama muda umezidi milisekunde 5. Hesabu inakataa yenyewe.
3. Washa kipengele cha kuifuata sayari ili isitoke kwenye kidirisha.
4. Mshtarii huzunguka mara moja kwa muda usiotimia saa 10, kwa hiyo simamisha video katika dakika mbili au tatu, la sivyo madoa yake yatafifia. Dakika mbili kwa mipangilio hiyo ni takriban gigabaiti 7. Mirihi huzunguka polepole zaidi na inakuvumilia zaidi.
5. Katika FireCapture chagua majina ya mafaili ya mtindo wa WinJUPOS, programu ya kuunganisha picha za sayari inayozunguka, kama unakusudia kuunganisha video kadhaa baadaye.

Kazi ya kuchagua na kurundika fremu hizo hufanywa na AutoStakkert, nje ya programu ya kunasa.

Mambo yakikwama

*Rundo halikubali fremu hata moja.* Programu haioni nyota za kutosha. Kagua fokasi, ongeza muda, au punguza ukali wa kichujio.

*Nyota ni vistari.* Kama vistari vyote vinaelekea upande mmoja, stendi haifuati sawasawa: rudia hatua ya 4 au fupisha muda. Kama nyota za pembeni peke yake ndizo ndefu na za katikati ni duara, tatizo liko kwenye lenzi au umbali wa kamera, na programu haina dawa yake.

*Rangi ni za ajabu, kila kitu kijani.* Mpangilio wa rangi wa sensa umechaguliwa vibaya, au usawa wa rangi haujawekwa. Jaribu mipangilio minne ya sensa mmoja mmoja. Data ghafi haijaguswa, kwa hiyo usifute kitu.

*Video ya sayari inaruka fremu.* Angalia kihesabu cha fremu zilizopotea. Punguza eneo, hamia kwenye SSD, toa kamera kwenye kigawanya USB na uichomeke moja kwa moja.

*Kamera inajikata baada ya muda.* Anza na kebo. Kisha umeme, hasa kama kamera ina kipoozeo. Kisha ule mpangilio wa USB wa hatua ya 1. Draiva iwe ya mwisho kushukiwa, ingawa wengi huanza nayo.

*Katikati ya usiku darubini imegeuka ghafla na rundo likasimama.* Kitu kimevuka mstari wa kusini na kaskazini juu ya kichwa chako, na stendi ya ikweta ya Kijerumani imehamia upande wa pili ili isigonge miguu. Katika N.I.N.A., weka kichochezi cha Meridian Flip kwenye mfuatano (orodha ya kazi za usiku), nacho kitasimamisha kazi, kugeuza, kutambua anga upya na kuendelea. Kabla ya kukiamini usiku, kijaribu ukiwa umesimama pale, na utazame kebo zinavyozunguka. Kebo fupi iliyokazwa ndiyo inayong'oa kamera.

*Toleo jipya limetoka leo, nisakinishe?* Kama anga ni wazi usiku huu, hapana. Sakinisha siku ya mawingu, hifadhi kwanza nakala ya mipangilio yako, kisha washa kipengele kimoja kipya na upige fremu za majaribio ukiwa umefunika darubini. Ikifanya kazi gizani ndani ya nyumba, itoe nje.